Mnyama wa Mti Mkavu: Jioni Moja huko Epulu

Msafiri atokaye Mambasa kwenda Kisangani hupita Epulu, kando ya mto wa jina hilo, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyowekwa mwaka 1992. Wageni wengi walikuwa wakifika hapo kumtafuta okapi. Mimi macho yangu yalikuwa juu.

Mzee aliyenikaribisha alikuwa na mti mkavu mpakani mwa shamba lake, mrefu, wenye tundu kubwa. Jua lilipokwisha kuzama, mnyama alitoka tunduni, akapanda hadi kileleni, kisha akajitupa. Alitanda hewani kama kitambaa, akapita juu ya mihogo yote pasipo sauti, akashika shina la mti wa ng’ambo. Nikasema, “Popo!” Mzee akacheka.

Naam, si popo. Hana mabawa, ana ngozi pana kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, naye hushuka tu, hawezi kupaa. Aanzapo juu sana aweza kwenda mita 100 na zaidi. Vitabu humwita kindi arukaye, lakini jina hilo humdanganya msomaji. Kindi warukao hasa wako Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Katika Afrika hakuna hata mmoja. Wao hutandaza ngozi yao kwa gegedu litokalo kwenye kifundo cha mkono. Wa kwetu gegedu lake hutoka kwenye kiwiko. Tena chini ya mkia wake, karibu na shina la mkia, kuna safu mbili za magamba yenye ncha. Huyakaza katika gome la mti asiteleze, kama mkwezi wa michikichi akazavyo kamba yake. Wataalamu wamegundua kwamba jamaa yake wa karibu ni kamendegere, yule mnyama wa mbuga arukaye kwa miguu miwili! Nani angalidhani?

Aina kubwa huwa na uzito wa nusu kilo na zaidi. Nyingine ni ndogo kama panya, nazo hukaa kwa makumi ndani ya mti mmoja, pengine pamoja na popo. Hula matunda, maua, majani na magome. Mchana kutwa hulala katika mti wenye tundu, na hapo ndipo penye shida. Mti wa namna hiyo huonekana hauna faida. Mtu huukata kwanza apate kuni au makaa, au huwasha moto chini yake ili moshi uwatoe wanyama, awaue. Tundu kama lile huchukua miaka mingi sana kupatikana. Na uwanja ukiwa mpana mno, mnyama huyu hafiki ng’ambo. Akianguka chini, hutembea kwa taabu, na mbwa humkamata upesi.

Nilimweleza mzee mambo hayo tukiota moto. Akasikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, maneno yako nimeyasikia. Lakini mti huo ukiangukia mihogo yangu, wanangu watakula nini?”

Sikuwa na jibu jepesi. Nikamshauri angoje mavuno, kisha apande mihogo mbali kidogo na shina. Akanyamaza. Asubuhi nilipoaga, shoka lilikuwa bado limeegemezwa ukutani.