Binti Aitwaye Amani na Bastola Yake

Wiki hii tunaomba nafasi ya kuzungumza juu ya kitabu. Tunajua wengine mtasema vitabu ni kazi ya shule, wamalizane navyo walimu. Lakini hiki kinapita mikononi mwa mabinti zetu, kinasomwa usiku kwa mwanga wa simu, na mama mmoja wa kikundi chetu alituuliza mbele ya wote: ninyi walimu, kwa nini mnamwacha mtoto wangu asome habari za msichana anayepiga watu risasi, wakati sisi tumezikimbia risasi hizo mara ngapi? Swali hilo ni la haki, na mtu hawezi kulijibu akiwa hajakisoma kitabu chenyewe. Basi tukakisoma, walimu watatu wa kike, kwa zamu, nakala moja.

Kwa Kiingereza kinaitwa Rebel of the Sands. Nakala yetu ni ya Kifaransa, Rebelle du désert. Aliyekiandika ni Alwyn Hamilton, mwanamke aliyezaliwa Canada akakulia Ufaransa. Kilitoka mwaka 2016, vikafuata viwili vya kukiendeleza, 2017 na 2018. Nchi ya jangwa anayoisimulia, Miraji, haimo katika ramani yoyote. Ameishona kwa vitambaa viwili: upande mmoja majini, Sultani na misafara ya ngamia kama katika hadithi za Alfu Lela Ulela, upande wa pili bastola, treni na vilabu vya pombe kama katika filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwanzoni mchanganyiko huo ulituchekesha. Baada ya kurasa chache tulikuwa tumeuzoea.

Msichana mwenye hadithi anaitwa Amani. Hapo ndipo mabinti zetu walipoanza kupiga kelele, maana kwetu huku Kivu ni shida kupata darasa lisilo na Amani, wavulana kwa wasichana, na wengi walipewa jina hilo kwa sababu walizaliwa wakati wazazi walikuwa wanakiomba kitu hicho usiku na mchana. Amani gani huyu anatembea na bastola? Tuliwaeleza kwamba katika Kiarabu neno lenye sauti hiyo hiyo lina maana ya matamanio, mambo ambayo moyo unayatazamia. Maana hiyo inamfaa zaidi msichana wa kitabu. Ila sisi tunaendelea kulisikia kwa Kiswahili, hatuwezi kufanya vingine.

Mji wake ni Dustwalk, mji wa vumbi unaoishi kwa kiwanda kimoja cha silaha. Watu wanatengeneza bunduki, na chakula hakitoshi. Mama yake alinyongwa kwa kumuua mume wake. Binti akachukuliwa na dada ya mama yake, na sasa mume wa huyo dada, ambaye ana zaidi ya mke mmoja, anapanga kumuoa na yeye pia. Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini kidogo. Kifaransa kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na wengine wote wa namna hiyo, kwa hiyo msomaji wa Ulaya anaweza kupita hapo kwa mwendo wake. Msichana wa kwetu hapiti. Kwake mume wa mama mdogo ni baba. Anaelewa mara moja kwamba mtu wa kuitwa baba anataka kumfanya mke, ndani ya nyumba ile ile anamolala.

Ndiyo sababu ya bastola. Amani anavaa nguo za kiume, anafunika uso, anatoroka usiku kwenda mji wa jirani kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Anataka kushinda pesa za safari ya kwenda Izman, mji mkuu, aliko dada mwingine wa mama yake. Hana shamba, hana kazi ya kulipwa kwa jina lake, hana mzee wa ukoo wa kumsemea. Ana jicho na mkono usiotetemeka. Mashindano yanaishia katika fujo na moto, anakutana na kijana mgeni anayeitwa Jin, na kuanzia hapo hadithi inakimbia kama farasi mpaka jeshi la Sultani, mtoto wa Sultani aliyeasi, na jangwa lote.

Sasa turudi kwa yule mama aliyetuuliza. Tunakubaliana naye kwa sehemu. Ziko kurasa ambazo risasi ni mchezo: mtu analenga, kitu kinaanguka, msomaji anafurahi. Mwandishi hakukulia mahali ambapo mtoto anajua kutofautisha kwa sauti bunduki ya karibu na ya mbali. Watoto wetu wanajua. Neno kadogo liliingia katika midomo ya nchi nzima tangu vita vya 1996 na 1997, na sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wa rika la wale walioitwa hivyo. Baadaye wasichana nao walichukuliwa na vikundi vya silaha, na waliorudi wanajua kwamba huko hakuna aliyewaita mashujaa. Mtu akituambia bunduki ni njia ya msichana kupata heshima, tutamwambia aje kwanza aketi nasi.

Lakini kitabu hakisemi hivyo moja kwa moja, na hapo ndipo tunapotengana na mama mwenzetu. Amani ana rafiki aitwaye Tamid, kijana mlemavu wa mguu, mcha Mungu, mpole, ambaye hajamkosea mtu. Askari wanapokuja kumtafuta Jin, kamanda wao anampiga Tamid risasi ya mguu ili Amani aseme mgeni yuko wapi. Mara Jin anatokea juu ya farasi. Amani anapanda, wanaondoka. Tamid anabaki chini.

Tulikaa na wasichana wa mwaka wa nne baada ya masomo, tukawauliza juu ya ukurasa huo tu. Wa kwanza alisema angebaki wangekufa wote wawili, heri mmoja. Mwenzake akamjibu kwamba kuna kuondoka na kuna kutupa mtu, na huyu ametupwa. Mwingine akauliza kama Tamid naye angemwacha Amani, zamu ingekuwa yake. Mabishano yalichukua karibu saa nzima, hakuna aliyekumbuka kwamba nyumbani maji hayajachotwa. Wako wawili ambao hawakusema neno, na hatukuwauliza. Katika darasa lile kuna waliobebwa mgongoni wakati wa kukimbia, na kuna ambao nyuma yao alibaki mtu. Tangu tuanze kufundisha, hatukuwahi kuona kitabu cha programu kikiwapa nafasi ya kusema jambo hilo bila kutaja jina la mtu yeyote wa kwao. Huyu Tamid wa kubuniwa aliwapa.

Anayetaka kukisoma mwenyewe bila kujua yaliyo mbele aruke aya hii. Katika nchi ya Miraji wako watoto ambao baba yao ni jini na mama yao ni binadamu. Kila mmoja ana uwezo wake, hawawezi kusema uongo, na chuma kinauzima uwezo wao. Amani ni mmoja wao na hajui. Anaweza kuuamrisha mchanga wa jangwa uinuke, lakini amekulia katika mji ambao chuma kimo mpaka hewani, kutoka kiwandani, na muda wote ana bastola ya chuma mkononi au kiunoni. Mwandishi hasimami kutupigia kengele hapo. Sisi tulisimama wenyewe: kile alichokitegemea ili asiolewe kwa nguvu ndicho kilikuwa kinamziba asijue kilichomo ndani yake. Hata hivyo hatutawadanganya, haitupi bastola. Anaendelea kulenga mpaka mwisho, na vizuri. Mwalimu mwenzetu mmoja alikasirika kwa hilo. Sisi wawili tuliona ni kweli zaidi hivyo, maana vita havijaisha kwa sababu tu yeye amejijua.

Neno dogo kwa dada zetu Waislamu. Farasi wa jangwani katika kitabu, walioumbwa kwa mchanga na upepo, wanaitwa Buraqi, na nchi yenyewe ni Miraji. Mtayatambua majina hayo kabla yetu, na huenda msipende kuona yamechukuliwa yakawekwa katika masimulizi ya farasi wa kukamatwa. Tunaona mna haki. Mabinti wenu wakikisoma, ninyi ndio wa kuwaeleza Buraqi ni nani na Miraji ni usiku gani, kuliko mwalimu wa Kifaransa.

Kuna jambo ambalo tulilisema kwa wasichana wenyewe na tunalirudia hapa kwa sababu ni la nyumbani. Amani hana sheria ya kukimbilia. Sisi tunayo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza uchumba na ndoa ya mtoto, na Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, mwaka ule ule kitabu hiki kilipotoka, inaweka miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana. Mali iliyopokelewa, mbuzi walioliwa, aibu ya ukoo, hakuna kati ya hayo kinachobadilisha hesabu hiyo. Tunajua pia jinsi mambo yanavyopangwa jioni na wajomba na baba wadogo, mama akiwa jikoni, na anaambiwa wakati wa kugawa chakula cha wageni. Ndiyo maana katika kitabu tulimtazama sana mama mdogo wa Amani, kuliko mume wake. Kurasa zake ni chache. Tungependa zingekuwa nyingi zaidi, kwa sababu mtu wa namna yake tunamfahamu, na mwandishi amemwacha awe mkali tu bila kutuonyesha anaogopa nini katika nyumba yenye wake wenza.

Kuhusu mapenzi ya Amani na Jin: ni ya vijana, kuna kubusiana, hakuna zaidi katika kitabu cha kwanza. Mama anayehofia upande huo alale salama. Upande wa damu uko wazi zaidi, na mtoto wa chini ya miaka 13 tungemwambia angoje. Kifaransa chake si kigumu. Msichana wa mwaka wa tatu wa sekondari anakifuata, akiwa na kamusi kwa maneno ya silaha, ingawa mengi ya hayo, kwa bahati mbaya, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mama asiyesoma Kifaransa anaweza kumwomba binti yake amsimulie wakati wa kutwanga sombe, sura moja kwa siku. Wawili wa kikundi chetu wameanza. Mmoja wao ni yule yule aliyetuuliza swali, na hadi leo msimamo wake haujabadilika: anasema Amani angekimbilia kwa dada wa mama yake tangu mwanzo, kwa miguu, bila mashindano. Binti yake anamjibu kwamba jangwa haliendwi kwa miguu. Wamefika sura ya kumi.

Kitabu cha pili hatujakipata. Wasichana wameshajua kwamba humo Tamid anarudi, tena na hasira zake, na hawatuachi tupumue. Aliye na ndugu Bujumbura, Kigali au Ubelgiji, tunamwomba aulize bei yake, hata cha mtumba, kisha atupashe habari siku ya mkutano.