Ndege wa Mathayo Sita

Mwaka 2018 nilitumwa kukaa miezi mitatu Ujerumani, katika eneo la Prignitz, kaskazini-magharibi mwa Brandenburg. Misheni ya Berlin ilianza kazi katika nyanda zetu za juu kusini mwaka 1891, na hadi leo wachungaji wa pande hizi mbili hutembeleana. Nilifika katikati ya mwezi wa nane. Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane wa miaka sabini na sita, anayeishi kijijini kwenye mji wake: nyumba ya matofali mekundu, zizi, ghala, bustani ya viazi, miti ya matufaha na plamu kama ya kwetu Njombe. Juu ya paa la ghala kulikuwa na kiota kikubwa cha korongo.

Mwezi wa nane kule ni mwisho wa majira ya joto. Kiswahili hakina neno zuri la majira yanayofuata. Wengine huyaita vuli, lakini kwa watu wa pwani vuli ni mvua, na kule ni wakati majani yanapogeuka rangi na kuanguka, na ardhi inajiandaa kulala. Unayaona yakija polepole. Jua ambalo mwezi wa saba lilikuwa likizama saa tatu na nusu usiku linazama mapema zaidi kila siku. Asubuhi kuna ukungu bondeni na utando wa buibui kwenye nyasi. Mbayuwayu wanajipanga kwenye waya za umeme kama watu wanaosubiri basi.

Nami niliyedhani nimekuja kupumzika na kusoma, nilikabidhiwa shoka. Kila siku baada ya chai nilipasua kuni. Siku ya tatu nikamwuliza Mama kama kuni hizi zitatosha baridi inayokuja. Akacheka. Kuni za baridi hiyo zilishapasuliwa miaka miwili nyuma, akanionyesha zilivyopangwa ukutani, zimekauka hadi zikawa za kijivu. Hizi nilizopasua mimi zilikuwa za mwaka 2020. Nilimtazama yule mama mwenye magoti mabovu na miaka sabini na sita, nikanyamaza, nikaendelea kupasua.

Jikoni ilikuwa hivyo hivyo. Plamu, matango, maharage mabichi, vyote viliingia katika chupa pana za kioo zenye mpira mwekundu chini ya kifuniko, zikachemshwa kwenye sufuria kubwa na kushushwa chumba cha chini ya nyumba, mahali pa baridi na giza. Viazi navyo vilikwenda huko. Matufaha yaliyopondeka tulipika siku ile ile, na mazima tuliyapanga kwenye masanduku bila kugusana, kwa maana moja likioza huozesha mwenzake. Nilijifunza zaidi kuhusu neno "akiba" katika wiki mbili zile kuliko katika miaka yangu yote ya chuo cha theolojia.

Lakini nyasi hazikuwepo. Mwaka ule mvua iligoma sehemu kubwa ya Ujerumani. Nyasi za kwanza zilikatwa mwanzoni mwa majira ya joto, na za pili, ambazo kwa kawaida hukatwa baadaye, hazikuota. Mahindi ya jirani, ambayo kule hukatwa mmea mzima kuwa chakula cha ng'ombe (hili liliniuma mimi mla ugali), yalikatwa mapema kabisa, mafupi, mengine bila mhindi. Jioni moja Mama alikaa mezani na bahasha kuukuu na kalamu. Alikuwa na ng'ombe tisa. Ng'ombe mmoja huhitaji marobota manane makubwa mpaka nyasi ziote tena. Ghalani kulikuwa na marobota arobaini na manne. Aliandika, akakata, akaandika tena, kana kwamba hesabu ingeweza kuona haya ikabadilika. Kisha akaniuliza kwa upole kama kesho naweza kumsaidia kufungua geti, kwa kuwa gari litakuja kuchukua wanne.

Alijua jina la kila mmoja. Lilipoondoka lile gari alirudi jikoni kumenya plamu.

Siku chache baadaye korongo nao waliondoka. Wale wachanga walikuwa wameshatangulia, maana ndivyo wafanyavyo, huruka kabla ya wazazi wao na njia huijua bila kuonyeshwa. Wazazi walizunguka juu ya bonde, wakapanda na hewa ya joto bila kupiga mabawa, wakawa nukta, wakapotea kusini. "Wanakwenda kwenu," Mama aliniambia. Ni kweli. Wengi wa upande huo hupita Uturuki, Sinai na Sudan, na baadhi hufika Tanzania. Nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu wa nyumbani.

Ndipo ikaja Jumapili ya tarehe 9 mwezi wa tisa. Katika kalenda ya kanisa la kule, Jumapili ya kumi na tano baada ya Utatu Injili yake ni Mathayo 6, kuanzia mstari wa 25. Niliombwa kuhubiri. Nilifurahi, kwa sababu andiko hilo nalijua. Nilisimama mbele ya watu kumi na wanne, karibu wote wazee, nikahubiri kwa Kijerumani cha kusoma kwamba Baba wa mbinguni huwalisha ndege wasiopanda wala kuvuna wala kukusanya ghalani. Niliwasimulia habari za korongo. Nilidhani nimehubiri vizuri.

Mezani, tukila viazi, Mama aliweka uma chini. "Mchungaji," akasema, "wale ndege uliowahubiri wamekwenda kwenu. Mimi siwezi kuruka."

Hakusema kwa ukali. Aliniongezea hata mchuzi. Lakini usiku ule sikulala, na kilichoninyima usingizi hakikuwa Kijerumani changu.

Ndugu msomaji, andiko hilo nililijua kwa sababu nilishalitumia. Nilipokuwa mchungaji kijana, mwaka wa tatu tangu nibarikiwe, usharika wangu ulikuwa unaezeka kanisa. Niliweka lengo la magunia kwa kila kaya. Sikukuu ya mavuno ilipofika nilihubiri Mathayo 6 kwa nguvu: tazameni ndege, mwasumbukia nini kesho, leteni. Mjane mmoja mwenye watoto watatu alileta magunia mawili ya mahindi. Akina mama walipiga vigelegele. Nilimsimamisha mbele ya madhabahu nikamfananisha na yule mjane wa senti mbili. Bati zilinunuliwa.

Mwezi wa pili, ambao kwetu ndio mwezi wa njaa, mwinjilisti aliniambia kwamba yule mama anapalilia mashamba ya watu ili alipwe debe, na shamba lake mwenyewe limezama kwenye magugu. Wanawe wawili walikuwa wameacha kwenda shule. Nilimpa mwinjilisti sado ya unga ampelekee. Mimi sikwenda. Nilijiambia kuna kikao cha jimbo, na kweli kilikuwepo.

Na baya zaidi ni hili. Kwa miaka zaidi ya kumi nilimtumia mama huyo kama mfano katika mahubiri ya utoaji, katika sharika tatu. Nilisimulia magunia na vigelegele. Mwezi wa pili sikuusimulia hata mara moja.

Sisemi Yesu alikosea kuhusu ndege. Nasema alilisema neno lile hakuwa ameshika daftari la ahadi. Aliwaambia watu waliokuwa wakihangaika ili wapumue. Mimi niliwaambia watu wenye gunia la mwisho ili waliachie. Katekisimo Ndogo tuliyokariri kwenye kipaimara inapofafanua mkate wa kila siku inahesabu shamba, mifugo, hali njema ya hewa, na mwishoni majirani wema. Nilikuwa nikiwafundisha watoto orodha hiyo kila mwaka bila kujiuliza mimi nimo wapi ndani yake. Mama yule wa Prignitz hakuwa na imani haba kwa kuhesabu marobota. Jirani yake mwenye malisho karibu na mto Elbe alimletea matatu zaidi mwezi wa kumi, akayashusha akaondoka bila hata kuvua kofia.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huo walisherehekea mavuno. Madhabahuni paliwekwa mkate, maboga, viazi, na taji la masuke ya ngano. Vilikuwa vichache mwaka ule. Hakukuwa na mnada. Nilikumbuka kuku wetu waliofungwa miguu, nikatabasamu, kisha nikaacha kutabasamu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa kumi na moja. Nilingoja mwezi wa pili, nikapanda mlimani kwenye usharika wangu wa zamani bila kumwarifu mchungaji wa pale mapema, jambo ambalo si adabu, na nilimwomba radhi baadaye. Yule mama sasa ana wajukuu. Nilimkuta akipalilia shamba lake mwenyewe.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, Baba Mchungaji."

Nilimwambia yote, nimesimama kwenye tuta. Alinisikiliza huku akikung'uta jembe. "Magunia nilileta mwenyewe," alisema. "Bati lile nalikalia chini kila Jumapili, sina kinyongo nalo. Lakini Mchungaji, hukuja." Sikuwa na jibu, na hakulingoja. Aliniita nyumbani, tukala mahindi mabichi ya kuchemsha, akanitaka nimsimulie Ulaya.

Nilimsimulia kuni za miaka miwili, chupa za plamu, bahasha na hesabu. Kuhusu ndege hakuuliza. Aliuliza kuhusu ng'ombe.

"Wale watano waliobaki, walivuka?"

Nikamwambia bado ni baridi kule, nyasi hazijaota, sijui.

"Ukipata habari uniletee," akasema. "Usimtume mwinjilisti."

Mwezi wa tano barua ilikuja. Nilipanda tena mlimani kumwambia: wote watano.