TUANDIKE HABARI ZA WAZEE WETU



Kila mmoja wetu ana wazee, na kila mzee ana habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma vitabu vya watu walioandika maisha ya jamaa zao, na mimi mwenyewe ninaandika katika daftari habari za marehemu babu yangu, aliyekuwa mkulima wa minazi. Yapo mambo matatu niliyojifunza.

Kwanza, habari za familia huandikiwa watoto. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Zama zake wasichana walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Yeye alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye, akiwa mjane huko Ujerumani na watoto watatu, alianza kuwaandikia maisha yake ili waijue asili ya mama yao. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1886. Je, sisi ambao kalamu na daftari tunavyo, tuna udhuru gani?

Pili, mwandishi asijitoe katika lawama. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alitaka kumpindua nduguye, Sayyid Majid. Salme ndiye aliyewaandikia barua wale waliokula njama, kwa elimu ile ile aliyoipata kwa siri. Hayo yote ameyaeleza mwenyewe. Anayewahesabia ndugu zake makosa na kujisahau nafsi yake, huyo anashitaki, hasimulii.

Tatu, kuna sitara, na hapa ndipo penye mtihani. Babu alipofariki, nyumba zake mbili ziligombea shamba, na kwa miaka mingi hazikuzikana. Shangazi yangu alinieleza yote: nani alisema nini, na mbele ya nani. Nikafikiri sana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kumtaja mwenzio kwa jambo asilolipenda ni kusengenya, hata kama jambo hilo ni kweli. Lakini nisipoandika kabisa, watoto wetu watarithi uhasama wasioujua chanzo chake.

Basi niliandika kwamba mirathi ilicheleweshwa kugawanywa, kwamba nyumba mbili zilikatana, na kwamba mwishowe zilipatana. Majina ya waliotukanana na matusi yao niliyaacha. Kisha nikamsomea shangazi. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Hapo pa kupatana ongeza, mwanangu. Kufika hapo tuliteseka." Nami nikaongeza kurasa mbili kwa maneno yake.

Nimefahamu kuwa sitara si kuficha kila kitu. Ni kuhifadhi lenye mafunzo na kuliacha lile ambalo faida yake ni kumvunjia mtu heshima tu.

Likizo hii, kila mwanafunzi akae na mzee mmoja wa kwao. Mwombe ruhusa kwanza. Muulize alizaliwa wapi, alisoma chuo kwa nani, walikula nini mwaka wa njaa, na nani aliwapatanisha walipogombana. Andika majina ya mahali na miaka. Ukimaliza msomee, naye akikuambia futa hapa, futa. Daftari lako litabaki, na wajukuu watalisoma.

Wabillahi tawfiq.