Kopo la Mafuta ya Breki

Wageni wanaofika kwangu siku za Jumamosi hunikuta nimelala chali juu ya gunia chini ya Land Rover, miguu tu ndiyo inayoonekana. Wale niliowafundisha huona haya kuniamkia katika hali hiyo. "Shikamoo Mwalimu," husema kwa sauti ya chini, kana kwamba wamenikuta bafuni. Wanangu wameniomba mara nyingi niliuze gari hili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huwajibu kwa utani kwamba mkongwe hamtupi mkongwe mwenzake. Lakini utani ni njia ya kukwepa swali, nami leo nataka kulijibu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya toleo la tatu, ile ndefu ya inchi 109. Toleo hilo lilitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, na mtu mzima wa nchi hii hana haja ya kuelezwa habari zake, kwani ndilo lililomletea kijijini mganga, mkaguzi wa shule na mkuu wa wilaya. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Siku hizo baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza, ndiyo sababu bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Kwa hiyo bodi haili kutu, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake. Chesisi inayoibeba ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya kwa ndani. Nilipolinunua mnadani mwaka 1996, niliipitia chesisi yote kwa nyundo, nikigonga na kusikiliza. Palipolia kama kengele palikuwa pazima. Palipojibu kwa mlio mfu tulipakata na kuchomelea bamba jipya.

Nasema "tulipakata" kwa sababu sikuwa peke yangu. Wakati ule nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na ufundi niliujua vitabuni tu. Jirani yangu alikuwa na kijana aliyeishia darasa la saba, mwenye masikio makali ajabu. Aliweza kusimama kando ya injini na kukwambia ni silinda ipi isiyochoma vizuri. Yeye ndiye aliyenionyesha kutia grisi, kupima mafuta ya difu, na kukaza springi bila kuvunja bolti. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wangu, ingawa sikulitamka neno hilo. Nilimwita "kijana wangu", nikamlipa posho, nikaona nimemfadhili.

Nilistaafu mwaka 2009. Mwaka uliofuata, sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kuondoa injini ya petroli, ambayo ilikunywa kama mtu aliyetoka jangwani, na kuweka ya dizeli ya Kijapani. Kazi hiyo ilituchukua miezi miwili. Ilitubidi kutengeneza bamba la kuunganisha injini na giaboksi, na kusogeza radieta mbele. Tatizo moja lilitusumbua zaidi. Injini ya petroli hunyonya hewa kwa namna ambayo husaidia breki, na ya dizeli haifanyi hivyo. Kijana alitafuta altaneta yenye pampu ya kunyonya hewa, akaifunga, na mguu ukawa mwepesi juu ya pedali. Gari lilipanda mlima wa Kidia likiimba. Nilifurahi kama mtoto. Sikufikiri kwamba nimeongeza nguvu ya kwenda huku breki zikibaki zile zile za dramu zilizokusudiwa mwendo wa polepole.

Machi 2014, kabla ya masika kukolea, kijana alibadilisha laini za breki na raba zote za magurudumu. Tulipofika kwenye kujaza mafuta ya breki nilimpa kopo lililokuwa rafuni, nusu limejaa. Aliligeuza, akalitazama. "Mwalimu," akasema, "kopo hili lilifunguliwa siku nyingi. Tununue jipya." Nilimwambia mafuta ni mafuta, na mali haitupwi. Hakubishana nami. Nani hubishana na Mwalimu?

Alichokijua yeye, na ambacho mimi niliyefundisha sayansi ningepaswa kukijua kabla yake, ni kwamba mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. Kopo likishafunguliwa, hata ukilifunika, unyevu huingia kidogo kidogo. Mafuta yenye maji huchemka upesi. Ukishuka mteremko mrefu mguu ukiwa juu ya breki, joto la dramu huyafikia, nayo hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Ukikanyaga, unaukanyaga mvuke.

Siku moja ya mwezi wa Aprili niliteremka kuelekea Kiboriloni nikiwa nimewabeba akina mama wanane na mikungu yao ya ndizi. Barabara ilikuwa imelowa. Zamani, na injini ile dhaifu, ningesimama juu ya mteremko na kuingiza gia ndogo, kwa kuwa haiingii gari likiwa katika mwendo. Siku hiyo nilishuka kwa gia ya tatu, nikizungumza, mguu ukiegemea breki. Kwenye kona ya tatu pedali ilizama mpaka chini.

Niliipiga mara nne, tano, bila jibu. Nilirudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele. Nikavuta breki ya mkono, ambayo kwenye gari hili haishiki magurudumu bali mhimili unaotoka kwenye giaboksi. Gari lilitetemeka, harufu ya kuungua ikajaa. Upande wa kushoto palikuwa na korongo, wa kulia palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu. Nililisukuma gari kwenye ukingo likajikwaruza mpaka likasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka salama, wakaanza kumshukuru Mungu, na kunishukuru mimi.

Watu walikusanyika. Mmoja akauliza, "Breki si zimetengenezwa juzi tu? Nani aliyezitengeneza?" Mwingine akalitaja jina la kijana. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nikifuta matope miwani yangu, nami sikusema neno.

Kesho yake tulipokwenda kulivuta gari, pedali ilikuwa imesimama ngumu kama kawaida, maana mafuta yalikuwa yamepoa. Kijana alifungua magurudumu yote manne mbele yangu. Laini zilikuwa nzima, raba nzima. Kisha akafungua kijiti cha kutolea hewa, yakatoka mafuta meusi kama kahawa iliyokaa. Alinitazama mara moja, akainamisha macho. Hata hapo sikusema. Baada ya wiki chache watu walikuwa wameacha kumpelekea magari, naye akaondoka kijijini kwenda kutafuta kibarua mjini Moshi.

Katika miaka yangu ya kazi niliwaambia wanachuo mamia kwamba mwalimu anayekosea ubaoni na afute mbele ya wanafunzi, asifute wakitoka. Maneno hayo yalinirudia usiku. Nilivumilia miezi saba. Kisha nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikateremka mjini kwa basi, nikamkuta Pasua akifungua gurudumu la lori. Kwetu Uchagani, anayekuletea sale anakuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito. Lakini sale hutarajiwi kuipeleka kwa mtu wa umri wa mtoto wako. Alipoiona mkononi mwangu alisimama, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo Mwalimu," akasema. Ndilo neno pekee alilolipata.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi ya kusema baada ya ibada. Nilieleza habari za kopo. Mama aliyevunjika mkono alikuwa ameketi mbele. Nilikuwa nimemlipia matibabu tangu mwanzo, na watu walikuwa wameniita mkarimu kwa ajili hiyo. Siku hiyo walijua lilikuwa deni.

Kijana, ambaye sasa si kijana tena, ana karakana yake mwenyewe. Hupanda huku mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya breki tunayabadilisha kila baada ya miaka miwili, kwa kopo jipya, na linalobaki tunalimwaga. Kuna daftari ambamo kila kazi huandikwa, na safu ya mwisho ni ya sahihi yake. Asipotia sahihi, gari halitoki.

Basi, hilo ndilo jibu kwa wanangu. Gari hili siliuzi, kwa maana chini yake nimejifunza somo ambalo sikulifundisha vizuri nilipokuwa na wanafunzi. Ndugu msomaji, kama nawe una chombo kikuukuu nyumbani, kigonge usikilize mlio wake. Na fundi wako mdogo akikwambia kopo limekaa mno, usimjibu kwa cheo chako.