Stelingi hafi, lakini lazima aumie!

Kama ulikulia uswahilini enzi za vibanda vya video, sheria hii unaijua hata ukiamshwa usiku wa manane: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mkanda ukiisha yupo, tena anaondoka na demu wake. Sasa kama wote tunajua hafi, mbona picha nyingine zinatutoa jasho na nyingine tunasinzia?

Jibu mimi nililipata kwa gharama ya mkono wa mdogo wangu.

Basi bwana, ilikuwa Temeke, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nina miaka 14, dogo ana 9. Siku hiyo kibandani waliweka Commando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985. Kuna pale jamaa anatoka kwenye ndege inayopaa, ananing'inia kwenye gurudumu, kisha anajiachia mpaka kwenye kinamasi. Anainuka, anaseti saa yake, huyoo katokomea. Hata kuchechemea hachechemei! Banda zima lilipiga miluzi.

Kesho yake dogo akapanda ukuta wa jirani. Kufika juu woga ukamwingia, akaniita, "Kaka, nishushe." Mimi, kwa kutaka sifa mbele ya washikaji, nikamcheka. Nikamwambia ruka bwana, stelingi hafi. Akaruka. Mkono wa kushoto ukavunjika, na mpaka leo haunyooki sawasawa. Mama alipouliza nani kamwambia aruke, nikasema sijui. Dogo alinitazama tu, akanyamaza.

Wiki chache baadaye, mkono wake ukiwa bado kwenye hogo, tukaingia kuona Die Hard, mkanda wa mwaka 1988. Humo Bruce Willis ni polisi anayeitwa McClane. Mwanzoni kabisa abiria mwenzake kwenye ndege anampa ushauri: ukifika vua viatu na soksi, ukunjekunje vidole vya miguu kwenye zulia, uchovu utaisha. Anafanya hivyo, na majambazi wanavamia jengo akiwa peku. Ona ujanja huo. Muda mrefu kabla ya hatari, wewe mtazamaji umeshaijua miguu yake.

Halafu Hans, bosi wa maadui, anagundua jamaa hana viatu. Anaamuru vioo vipigwe risasi. Sakafu nzima inakuwa vipande, na njia ya kutokea ni hiyo hiyo. Baadaye McClane yuko chooni, anachomoa kioo kwenye unyayo, huku anaongea kwa redio na polisi aliye nje, na sauti yake si ya mbabe tena.

Dogo aliukumbatia mkono wake kifuani. Akaninong'oneza, "Kaka, anaumia eeh?" Nilishindwa kumjibu, nakwambia.

Hapo ndipo nilipoielewa siri ya mapigano kwenye sinema. Risasi si hoja. Commando ina risasi za kutosha vita nzima, lakini maumivu yake hayatugusi. Swali linalotutoa jasho si kama stelingi atakufa, ni ataumia kiasi gani. Ndiyo maana katika Police Story ya mwaka 1985, Jackie Chan anapoteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa, tukio moja lile lile tunaonyeshwa mara tatu. Mwenyewe aliungua mikono kweli, na sisi tukitazama viganja vinatuwasha.

Jambo la pili, tuelewe kinachoendelea. Angalia Speed ya mwaka 1994: basi likishafikisha maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80 hivi, likishuka chini ya hapo linalipuka. Basi! Hata aliyeingia kibandani kuuza karanga anaelewa. Na katika Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, magari ni utitiri na picha zinabadilika haraka ile mbaya, lakini mwongozaji George Miller aliweka jambo la maana katikati ya picha, jicho halitangitangi. Mhariri wake, Margaret Sixel, aliondoka na tuzo ya Oscar. Linganisha na zile picha ambazo kamera inatikiswa kama chekeche, hujui ngumi ya nani imempata nani. Huwezi kumwonea mtu huruma kama hujui yuko wapi.

Juzi nilikwenda kwa dogo. Siku hizi ni baba mtu. Nikamkuta na mwanawe wanaangalia Commando kwenye simu, mama naye kakaa pembeni anachambua mchele. Ilipofika pale pa ndege, dogo akaisimamisha picha, akamwonyesha mtoto ule mkono. "Mimi niliruka kweli," akasema. "Hivi ndivyo inavyokuwa."

Mtoto akauliza, "Baba, nani alikwambia uruke?"

Dogo akanitazama kama siku ile. Akanyamaza, vilevile kama siku ile.

"Mimi," nikasema.

Mama hakuinua hata macho kwenye ungo. "Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri useme," akanijibu.

Sikufa, msomaji wangu. Ila niliumia.