Miss Ellie, paja la kondoo na faili la maandishi

Leo tuache programu kidogo tuongee filamu (lakini kompyuta haikosi).

Mimi nakaa Dallas, ile ya hapa Embu, si ya Texas. Ndiyo maana nilifurahi kugundua kwamba Barbara Bel Geddes, Miss Ellie wa tamthilia ya Dallas, ndiye nyota wa "Lamb to the Slaughter", kipindi cha mwaka 1958 cha Alfred Hitchcock Presents. Hadithi yenyewe ni ya Roald Dahl, yule aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi Shell na akajifunza Kiswahili.

Kama hutaki kuambiwa mwisho, ishia hapa.

Mke anamuua mumewe, askari polisi, kwa kumpiga na paja la kondoo lililoganda kwa barafu. Kisha analioka, na wapelelezi wanaotafuta silaha wanakaribishwa, wanaila yote.

Mama yangu anataka kukiona kipindi hicho, ila Kiingereza cha haraka kinamchosha. Basi namwandikia maandishi ya Kiswahili ya kupita chini ya picha. Faili la SRT ni rahisi, hata Notepad inatosha: namba, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu.

Kazi iko kwenye lugha. Wapelelezi wanasema silaha haiwezi kuwa mbali, huku wanatafuna. Kiswahili kinadai ngeli: nikiandika "paja", linavaa li-, na silaha inavaa i-. Nikiandika "nyama", zote mbili zinavaa i-. Hapo "iko hapa hapa" inakuwa silaha na nyama kwa mpigo! Sidhani Kiingereza kina utamu huo.

Halafu kuna muda. Mama anasoma haraka kuliko mwigizaji anavyosema. Maneno yakitangulia sekunde moja tu, mwisho umevuja. Kwa hiyo sentensi hiyo nimeikata vipande viwili, na "hapa hapa" inasubiri mpelelezi aitamke.

Mnaweza kusema najisumbua kwa sekunde moja. Lakini miaka yote mama amekuwa akisimuliwa filamu na sisi watoto, baada ya sisi kumaliza kucheka. Safari hii nataka tucheke pamoja.

Je, wewe nyumbani kwenu nani husimuliwa?