Niliacha Kuhesabu Umri wa Marais

Kwa miaka mingi siasa yangu ilikuwa ni kungoja. Barazani kwetu hapa Mombasa, kahawa ikizunguka, lazima mazungumzo yangemfikia rais mkongwe wa nchi fulani: kaonekana akishikwa mkono kupanda ngazi, sauti imemkauka, kapelekwa tena ng'ambo kutibiwa. Tukakisia kabakiza miaka mingapi. Moyoni niliamini kwamba mtawala aliyewashinda watu, Mungu atamwondoa.

Mazungumzo hayo zamani yalikuwa ya hatari. Mwaka 1976, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Charles Njonjo, alionya kuwa hata kuwazia kifo cha rais ni kosa lenye adhabu ya kifo. Watu wakabaki kunong'ona. Agosti 22, 1978, Mzee Jomo Kenyatta akafariki papa hapa Mombasa, na siku ile ile Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, akaapishwa kukaimu kwa siku 90, kama katiba ilivyoagiza. Sisi tulikumbuka msiba. Ile sheria iliyoivusha nchi salama hatukuizungumza.

Vilivyonigeuza ni vifo viwili. Septemba 6, 2019, Robert Mugabe, aliyekuwa rais wa Zimbabwe, alifariki Singapore. Februari 4, 2020, Moi, ambaye baada ya kukaimu alikuwa rais kamili, naye akafariki Nairobi. Wote walizaliwa 1924, wote walifikisha miaka 95. Lakini Mugabe alishikilia madaraka mpaka Novemba 2017, akiwa na miaka 93, akang'oka baada ya wanajeshi kuingia Harare na vifaru. Moi alikuwa ametoka Ikulu tangu Desemba 2002, kwa kuwa katiba ilimwekea ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano.

Hesabu hiyo haikuniacha nilale. Lau Wakenya tungeyaachia mauti kazi ya kumwondoa Moi, tungengoja miaka 17 zaidi. Kilichotuvusha ni kifungu cha sheria, kilichopatikana wakati watu walipodai mageuzi, na wengine wao wakatiwa kizuizini kwa kudai.

Nikaanza kuzitazama upya habari za nchi nyingine. Togo, Gnassingbé Eyadéma alifariki Februari 2005 baada ya kutawala miaka 38, na siku ile ile jeshi likamweka mwanawe, Faure, kwenye kiti. Mauti yaliyongojwa yalikuja, na nyumba ya mtawala ikabaki ile ile. Kameruni, Paul Biya yuko madarakani tangu 1982. Oktoba 2024, uvumi ulipoenea kwamba amefariki, serikali ilivikataza vyombo vya habari kujadili afya yake. Ulimwengu ulishughulika kuuliza kama yu hai. Mimi niliuliza kuhusu mwaka 2008, ukomo wa vipindi ulipofutwa katika katiba yao, naye akiwa mzima kabisa.

Siku hizi, vijana wakianza kukisia maradhi ya kiongozi barazani, nawauliza: akishindwa kazi kesho asubuhi, sheria yasemaje? Nawasomea kifungu cha 144 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Mbunge anayeungwa mkono na robo ya wabunge anaweza kuleta hoja ya kuchunguza kama rais anajiweza. Wengi wa wabunge wote wakiiunga mkono, Jaji Mkuu huunda jopo la watu watano, watatu kati yao wakiwa madaktari. Jopo likithibitisha, Bunge hupiga kura. Afya ya rais ni jambo la umma, na njia ya kulishughulikia iko wazi. Vijana husikiliza, kisha huuliza maswali ambayo mimi kwa umri wao sikuyauliza.

Nami nimepumzika. Uzee wa mtu haunipi tena furaha wala matumaini, kwani nami naukaribia. Kila rais mkongwe namwombea umri mrefu na afya njema. Na muda wake ukiisha, namtaka aimalizie afya hiyo nyumbani kwake, akiwa raia kama sisi.